Futi, dumu na sahani: kupunguza mafuta bila kunyauka

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, upande wa Majengo. Futi imekaa shingoni mwangu mwaka wa 19 sasa, na kila mteja ana ukurasa wake kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Mtu akirudi baada ya mwaka akaniambia, "Fundi, nimepungua kilo kumi, hebu nipunguzie hili gauni," sikimbilii mkasi. Nampima upya, naandika namba mpya kando ya zile za zamani. Mara nyingi daftari hunionyesha kitu ambacho mzani haukumwonyesha yeye. Mkono umetoka inchi 13 hadi 11. Nyonga zimeporomoka. Kiuno, kile alichokuwa anakililia, kimeshuka inchi moja na nusu tu.

Huyo amepungua uzito, lakini inaelekea sehemu kubwa ya kilichoondoka ni nyama, yaani misuli, si mafuta tu. Nalitambua haraka kwa sababu ukurasa wa namna hiyo ninao wa kwangu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilikuwa na kilo 82. Niliishi kwa supu ya kabichi, tikiti na chai kavu, na kila alfajiri nakimbia hadi Uwanja wa Ushirika na kurudi. Nikauziwa na "chai ya kukausha tumbo" iliyonifungia chooni siku tatu. Kwa miezi miwili nikashuka hadi kilo 70, nikafurahi sana. Furaha iliisha siku niliposhindwa kuinua kichwa cha cherehani kukitoa mezani, kazi niliyokuwa naifanya tangu ujana. Wateja wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, unaumwa?" Nilipoanza kula kawaida kilo zikarudi zote na nyingine nne juu, na safari hii zilikaa tumboni.

Mara ya pili nilianza Februari 2022 nikiwa na kilo 86. Miezi sita baadaye nilikuwa na 75. Kiuno kilitoka inchi 40 hadi 34 na nusu, mkono ukapungua nusu inchi tu, na kichwa cha cherehani nakibeba bila kumwita kijana wa jirani. Haya ndiyo niliyoyafanya.

Kwanza elewa mwili unavyofanya hesabu zake. Ukila pungufu ya matumizi yako, mwili unatafuta pa kufidia. Unachoma mafuta, lakini pia unavunja misuli, maana misuli ni gharama kuitunza, na mwili hauoni sababu ya kuitunza kama huitumii. Mambo mawili huizuia: kuipa misuli kazi nzito mara kwa mara, na kula protini ya kutosha kuikarabati. Lipo na la tatu, kutoharakisha. Kuhusu yale mawili ya kwanza, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapunguzia vijana 40 wa kiume chakula kwa kiasi kikubwa sana kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliokula protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta na wakaongeza kilo 1.2 ya mwili usio mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli yao ikabaki pale pale. Tazama kwamba hata hao wa kundi la pili hawakunyauka. Mazoezi ya uzito yaliwashikilia. Mimi mwaka 2017 sikuwa na mazoezi ya uzito wala protini.

Ukifika miaka 45 kama mimi jambo hili linakuhusu zaidi, kwa sababu kuanzia miaka ya 30 hivi misuli huanza kupungua yenyewe taratibu, hata bila kujinyima chochote.

Sahani

Sikuhesabu kalori kila siku. Nilitafuta zinapoingilia bila kunishibisha, nikaziba hapo. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, karibu kalori 200, na tumbo halijui kama limekula. Soda moja ya chupa ina kama kalori 150. Mafuta ya kupikia nilikuwa namimina kwa macho. Siku nilipoanza kupima kwa kijiko nilishtuka, maana kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120 na mimi nilikuwa nikimimina vitatu au vinne kwenye mchicha wa watu wawili. Chapati za asubuhi nikaziweka Jumapili. Kwa hayo tu nilikuwa nimepunguza zaidi ya kalori 400 kwa siku, na pengo la kalori 300 hadi 500 linatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Ukilazimisha pengo la kalori elfu utashuka haraka, lakini utashuka na nyama.

Lenga kushuka kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa kilo 86 ni kama gramu 430 hadi 860. Mimi nilibaki upande wa chini.

Baada ya kupunguza, ongeza protini. Chukua uzito unaoulenga, uzidishe kwa 1.6. Mimi nililenga kilo 72, ikawa gramu 115 kwa siku. Namba hiyo iliniogopesha mpaka nilipoigawa kwenye vyakula vya soko la Mbuyuni. Asubuhi nakula mayai matatu, gramu 18, na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu isiyo na sukari, gramu 8. Mchana ni maharage kikombe kimoja yaliyoiva, gramu 15, na kiganja kilichojaa dagaa wa Mwanza wakavu, kama gramu 30 za dagaa, ambazo ndani yake kuna karibu 18 za protini. Hapo kuna ugali kiasi cha ngumi na mboga za majani nyingi kuliko ugali. Saa kumi nakunywa glasi kubwa ya maziwa mgando, gramu 10. Usiku ni vipande vya nyama au kuku visivyo na mafuta, kama gramu 120 zikishaiva, protini gramu 32 hivi, pamoja na ndizi mbili tatu za kupika na mchicha. Ukijumlisha na kidogo kinachotoka kwenye ugali, ndizi na mboga, nafika 110 na ushei.

Watu wakisikia protini wanafikiria nyama kila siku na wanakata tamaa kwa sababu ya mfuko. Dagaa na maharage ndivyo vilivyonibeba miezi ile, nyama ilikuwa mara tatu kwa wiki. Siku isiyo na nyama naongeza kikombe cha maharage na dagaa wengine. Dagaa nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta na nyanya nyingi, namalizia na ndimu. Karanga ni chakula kizuri lakini nilizipima kwa mkono mmoja tu, kwani gramu 100 zina kalori zaidi ya 550 na unazitafuna huku unaongea bila kujua.

Vyakula vyetu vya Uchagani sikuviacha na sikushauri uviache. Mtori ni ndizi zilizopondwa na supu ya nyama. Tatizo ni kwamba wapishi wengi huweka ndizi nyingi na nyama ya kuonja, halafu siagi juu. Mimi naupika kinyume, nyama ya kutosha, ndizi chache, siagi hakuna. Kiburu, ndizi na maharage kwenye chungu kimoja, ukiongeza maharage na kupunguza ndizi ni chakula cha kupungulia kilicho tayari kabisa. Bibi zetu walikila kwenye mteremko wa mlima wakiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sisi tumebaki na chungu, mzigo tumeuacha.

Dumu

Mzigo ndio nilioutafuta tena. Jimu zipo hapa mjini na kama unaweza kulipia nenda, lakini mimi nilianza na dumu la maji la lita kumi, na mpaka leo sijaona kifaa kinachozidi hicho kwa mtu anayeanza. Sababu ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Nilichukua dumu jeupe linalopitisha mwanga, nikamimina maji kwa chupa ya lita moja, na kila chupa moja ikiingia nachora mstari kwa maka peni pale maji yalipofika. Mistari tisa, na dumu likijaa ni kumi. Hapo una uzito unaoongezeka kilo kwa kilo, na misuli hukaa pale inapoona mzigo haupungui.

Siku zangu ni Jumatatu na Alhamisi, na Jumamosi nikipata nafasi, dakika 40 kabla ya kufungua duka. Nafanya miendo mitano. Wa kwanza ni kuchuchumaa: nakumbatia dumu kifuani, miguu upana wa mabega, nashuka taratibu hadi makalio yaguse kigoda changu cha cherehani, kisha nasimama bila kukikalia. Wa pili ni kuinama kwa nyonga. Nashika dumu kwa mikono miwili mbele ya mapaja na kusukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Mgongo unabaki umenyooka, dumu linashuka hadi chini ya magoti, narudi juu. Ukisikia kiuno ndicho kinachofanya kazi badala ya makalio na nyuma ya mapaja, umeinama vibaya, punguza maji. Wa tatu ni kuvuta: mkono mmoja umeegemea meza, mwingine unavuta dumu hadi kwenye mbavu. Wa nne ni pushapu, ambazo nilizianzia ukutani, baada ya wiki sita nikahamia kwenye meza ya kukatia vitambaa, na sakafuni nilifika mwezi wa tano. Wa mwisho ni kubeba madumu mawili, moja kila mkono, na kutembea uani kwenda na kurudi mpaka vidole viombe msamaha.

Kila mwendo narudia mara 8 hadi 12, napumzika dakika moja na nusu au mbili, nafanya mizunguko mitatu. Naacha pale ninapohisi ningeweza mara mbili nyingine tu. Siku nikifikisha 12 kwenye mizunguko yote mitatu, mara inayofuata naongeza mstari mmoja wa maji. Nilianza na lita sita. Kufikia Mei dumu la kumi lilikuwa limejaa, nikahamia la lita 20 nikiwa na lita 11.

Wanawake huniuliza kama hawatajaa misuli kama wanaume. Hapana. Homoni inayojaza misuli ya wanaume sisi wanawake tunayo kidogo sana, na isitoshe mtu anayekula pungufu hapati malighafi ya kujenga mwili mkubwa. Unachopata ni kulinda ulichonacho.

Kukimbia sikukatazi. Ikifika Januari na Februari, kabla ya Kilimanjaro Marathon, barabara zetu zinajaa wakimbiaji na inapendeza. Lakini kukimbia peke yake, na njaa juu yake, ndiko kulikonimaliza 2017. Sasa natembea kwa kasi dakika 40 karibu kila siku nyingine, alfajiri kuelekea mtaa wa Shantytown chini ya ile miti, saa ambayo mlima bado uko wazi kabla ya mawingu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kuimarisha misuli. Hiyo sehemu ya pili watu hawaisikii.

Kuna wateja wanaotaka niwashonee mkanda wa kubana tumbo, wengine wanaufunga juu ya nailoni ili watoke jasho. Sishoni. Jasho ni maji, yanarudi na glasi ya kwanza. Na huwezi kumwambia mwili utoe mafuta tumboni kwa kufanya zoezi la tumbo. Mwili huyachukua unapotaka wenyewe, na kwa wengi wetu tumbo ndilo la mwisho kukubali.

Futi

Pima mara moja kila wiki mbili, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Dada zangu, msipime siku za hedhi wala zinazoikaribia, mwili hushika maji na namba itawavunja moyo bure. Kiuno pima usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, futi iguse ngozi bila kuibana. Futi iwe sawa pande zote, simama mbele ya kioo uone haijapanda mgongoni, hilo ndilo kosa ninaloliona kila siku. Mkono pima katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umeulegeza. Paja nusu ya njia kutoka nyonga hadi goti. Andika pamoja na uzito na mstari wa dumu uliofikia.

Sasa soma. Kiuno kinashuka, dumu linapanda au linabaki palepale: uko sawa, hata kama mzani umegoma, usibadilishe kitu. Mkono na paja vitapungua kidogo kwa sababu navyo vina mafuta, lakini nguvu isipungue. Ukiona kiuno kinashuka na mkono nao unakimbia, na dumu ulilokuwa unalibeba mara 12 sasa linakushinda mara ya nane, unapoteza nyama. Ongeza chakula, hasa protini, na upunguze mwendo. Kiuno na mzani vikisimama wiki tatu mfululizo, ndipo upunguze wanga kidogo, ngumi ya ugali iwe nusu, au uongeze matembezi.

Wataalamu hutaja kiuno cha inchi 35 kwa mwanamke na 40 kwa mwanaume kuwa pale ambapo hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inapanda sana. Mimi nilikuwa na 40. Hiyo ilinisukuma kuliko gauni lolote.

Usingizi niliupuuza mpaka Desemba. Huo ndio mwezi wa sare za harusi na nguo za Krismasi, nashona hadi saa saba usiku. Miaka yote nilidhani ninanenepa kwa sababu ya sherehe tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapunguzia watu kumi chakula, wakiwalaza saa 8.5 kitandani kwa wiki mbili, na wiki mbili nyingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawa, lakini walipolala kidogo mafuta yaliyopotea yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na njaa iliwazidi. Tangu niliposoma hilo napokea oda hadi tarehe 5 Desemba na si zaidi. Nimepoteza wateja kadhaa.

Kisha kuna kupanda kijijini. Mimi kwetu ni Kibosho, na huwezi kufika Krismasi ukakataa kilichochinjwa. Sikatai. Nakula nyama kwanza, ya kutosha, na mboga, halafu ndizi. Mbege nachukua kikombe kimoja, nakaa nacho, maana pombe ina kalori saba kwa kila gramu na ikikolea huleta hamu ya kula tena. Shangazi alipoanza kunung'unika kwamba namdharau nilimwambia, "Shangazi, nipe mfupa mwingine badala ya kikombe cha pili." Akaridhika. Kwa vikao vya harusi, vile vya kila wiki vyenye soda na bia, nakwenda nimeshakula na naagiza maji.

Kama una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa za kisukari au presha, au una tatizo la figo, onana na daktari kabla ya kugusa chochote hapa. Mwenye kisukari anayepunguza wanga bila kurekebisha dawa anaweza kuanguka, na mwenye figo dhaifu hapaswi kujipangia protini mwenyewe.

Nilipofika kilo 75 niliongeza chakula kidogo kidogo, kijiko cha mafuta hapa, nusu ngumi ya ugali pale, kila wiki mbili, mpaka kiuno kikasimama. Kilo mbili nyingine zilitoka polepole mwaka uliofuata. Dumu la lita 20 liko kwenye mstari wa 18, na ukurasa wangu kwenye daftari uko karibu na jalada, nimeuwekea kipande cha kitambaa chekundu ili wateja wakiuliza niufungue haraka.